Maumivu Tuliyoyasema kwenye Waya wa Kilifi

Siku mliyoniaga kazini, mmoja wenu aliniuliza, keki ikiwa mkononi, kama ni kweli sisi maopereta wa zamani tulikuwa tukisikiliza simu za watu. Nilimjibu kuwa hatukuwa na nafasi, kazi ilikuwa nyingi. Nilidanganya. Nafasi ilikuwepo, tulisikiliza, na sisi wenyewe tulisikilizwa. Sasa nimestaafu na hakuna wa kuniandikia barua ya onyo, kwa hiyo nitasema.

Sitawachosha na vyeo. Nilipandishwa mara chache, na kila mara meza niliyopewa ilikuwa mbali zaidi na dirisha. Nataka kuwaambia habari za miaka ya themanini, nilipokuwa opereta wa Malindi, nikiumwa mahali ambapo mwanamke hapataji, na jinsi nilivyopata wenzangu wa kunisikia. Leo mwanamke akiumwa hivyo huandika kwenye simu yake, na chai haijapoa amekwisha jibiwa na watu kumi asiowajua. Sisi tulikuwa na waya wa kwenda Kilifi, na hatukujua ni nani mwingine yuko juu yake.

Naitwa Mwanaisha. Wazee wetu walitoka visiwa vya kaskazini, lakini mimi nilizaliwa Malindi mjini. Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu. Bi. Salma, msimamizi wetu, aliviangalia kisha akasema, "Hapa miguu haionekani, mwanangu. Vua, ukae." Akanivisha kile chombo cha masikioni, akanionyesha bodi: matundu kwa safu, kila tundu na kitaa chake, na chini yake kamba za jozi zenye vichwa vya shaba. Kitaa kikiwaka unachomeka kamba ya nyuma na kuuliza nambari. Kisha unachomeka ya mbele kwa anayetakiwa, unapiga kengele, unaandika tiketi. Kila jozi ilikuwa na swichi. Ukiisukuma mbele unawasikia, ukiirudisha umewaacha na mambo yao.

"Swichi hiyo ni amana," Bi. Salma aliniambia. "Na ukisikia, umesahau."

Niliyashika maneno yale, lakini kazi ile haimpi mtu imani na watu. Kabla mwaka haujaisha nilimjua bwana aliyemwambia mkewe yuko Nairobi, naye alikuwa akipigia kutoka hoteli ya pale pale Malindi. Nilimjua mama aliyemsifu mkwewe kwa sauti ya asali, kisha akampigia dada yake simu ya pili. Ukiyasikia hayo kila siku, hata mtu akikuamkia unajiuliza anataka nini.

Kwenye simu za mbali hatukuitana majina. Tuliitana miji. "Kilifi, nipe Mombasa." "Subiri, Malindi." Niliongea na Kilifi miaka miwili bila kujua jina lake wala sura yake. Nilijua tu kuwa ana sauti nene na hacheki ovyo. Kwenye bodi iliyo kushoto kwangu alikaa Agnes, Mkristo kutoka bara, aliyeletwa Malindi kwa uhamisho na kupanga chumba mtaa wa Muyeye. Alikuwa mwepesi wa mkono kutushinda sote, na mzito wa maneno. Hilo la pili lilinitia shaka tangu mwanzo. Mtu asiyesema, nilijiambia, anaweka akiba.

Maumivu yalinianza mwaka wa pili wa ndoa yangu. Nitayataja wazi, maana kuyaficha ndiko kulikonichelewesha. Yalikuwa ukeni, pale mlangoni, na kwenye nyonga kwa ndani. Siku nyingine ni moto, kama pilipili iliyosagwa. Siku nyingine ni kama fundo ambalo mtu amelikaza na hataki kuliachia. Hakukuwa na kidonda, wala usaha, wala harufu. Kukaa kuliyazidisha, na kazi yangu ilikuwa kukaa saa nane kwa siku. Niliviringisha kanga kuukuu nikaifanya kata, kama ile ya kubebea mtungi kichwani, nikaiweka kitini ili pale panapouma pasiguswe. Ilinifaa nusu saa. Baada ya hapo nilikaa ubavu, nikainuka, nikasingizia choo.

Mama mkwe alisema ni chango, maradhi ya tumbo la uzazi, akanichemshia mizizi. Niliinywa, nikaharisha, chango likabaki. Nikaenda zahanati moja mjini. Yule daktari hakunitazama hata kidogo. Aliniuliza mume wangu anafanya kazi wapi. Nikamwambia ni mpishi kwenye hoteli ya watalii. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha pata jibu, akaniandikia sindano za ugonjwa wa zinaa, zangu na za mume wangu. Nilirudi kwake mara tatu, na mara tatu akaniandikia zile zile.

Fikirini nyumba ilivyokuwa baada ya hapo. Sudi, mume wangu, alichomwa sindano kwa ugonjwa asiokuwa nao, naye alijua hajatoka nje ya ndoa. Basi ni mimi. Mimi nami nilijua sijatoka. Basi ni yeye. Nikawa nanusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Yeye akawa anasimama ng'ambo ya barabara saa ninayotoka zamu, aone natoka na nani. Akinigusa niliumia, nikajikunyata, naye akakusoma kule kujikunyata vingine.

"Ni nani anayekuchosha hata mimi hunitaki?" aliniuliza siku moja tukila chakula cha mchana.

"Naumwa, Sudi."

"Dawa umepewa mara tatu."

Ilifika mahali nikajishuku mwenyewe, kwamba labda nimetenda jambo na nimelisahau.

Kilifi alinisemesha mchana mmoja, saa ile ya baada ya chakula ambapo Malindi nzima hujinyoosha na vitaa vya bodi huzima. Nilikuwa nangoja anipatie Mombasa. Badala ya Mombasa nikasikia, "Malindi, unakalia nini?"

"Nakalia kiti."

"Juu ya kiti."

Nilitazama nyuma yangu kama kwamba angeweza kuwa amesimama pale. "Kwa nini unaniuliza?"

"Kiti chako kinalia kila mara. Na kabla hakijalia, unavuta pumzi. Mimi nakalia mto nilioutoboa tundu katikati."

Nilichomoa kamba. Mteja wangu hakupata Mombasa siku ile, na tiketi niliandika kuwa laini ilikuwa mbovu.

Nilikuwa na sababu. Mwenzetu mmoja alikuwa amepewa barua kwa kupiga soga kwenye laini, na ilisemekana wakubwa huwatumia maopereta wa miji mingine kuwajaribu wengine. Tena Sudi alikuwa na binamu yake Kilifi. Niliyapima yote mawili na yote mawili yalinitosha. Kwa wiki mbili nilimjibu Kilifi nambari tu. Naye hakunisukuma. Kisha siku moja akasema, "Malindi, sikuulizi kitu. Nakueleza langu tu, ukitaka chomoa."

Sikuchomoa. Alilisema kwa sauti ile ile anayosomea nambari: ule moto, zile sindano, mume aliyengoja mwaka kisha akaoa mke wa pili na kumwambia hiyo ndiyo dawa. "Nilidhani niko peke yangu pwani nzima," akasema, "mpaka nikasikia kiti chako."

Hata hapo sikumwamini. Nikamtega. "Ukienda haja ndogo, moto huanza wakati gani?"

"Si wakati wenyewe. Baada. Unanawa, unasimama, unadhani umepona, ndipo unakuja."

Hilo mtu hawezi kulitunga. Nililia pale pale, mdomo umefumba, vitaa viwili vinawaka mbele yangu.

Tangu siku ile tulikuwa na dakika zetu za mchana. Tuliyaita maumivu mgeni. "Mgeni yuko?" "Yuko, amekuja na masanduku yake." Kilifi alikuwa amepata mambo mawili matatu kwa mkunga mmoja mstaafu, akanipa. Niache kujiosha kwa sabuni ya dawa, nami nilikuwa najiosha mara tatu kwa siku nikidhani ni uchafu. Nitumie maji ya vuguvugu peke yake. Nilale chali, miguu ikiegemea ukuta, nitoe pumzi polepole mpaka misuli ya chini ijiachie yenyewe. Nilidhani ni upuuzi. Nikafanya kwa kuwa hakuna aliyeniona, nikapata nafuu kidogo, ya kwanza tangu mgeni aje. Kisha akaniambia opereta wa Mombasa amemtajia daktari mwanamke huko, anayetazama kwanza ndipo anauliza. Yeye alikuwa anaogopa kwenda peke yake. Tukakubaliana tuombe ruhusa ya siku moja ile ile.

Ni katika kupanga safari hiyo ndipo tuliposikia mlio. Mtu wa tatu akisukuma swichi kwenye laini yenu kuna tiki ndogo, na sauti ya mwenzako inafifia kidogo, kama aliyeingia chumba cha pili.

"Umesikia?" Kilifi akauliza.

"Nimesikia."

Niligeuka kushoto. Agnes alikuwa na chombo chake masikioni, mkono wake umeingia upande wa bodi yangu, macho mbele. Siku mbili baadaye, tukitundika mikoba, akaniambia taratibu, "Safari njema ya Mombasa."

Nani alimwambia? Nilikuwa sijamwambia mtu ila Kilifi. Sikulala usiku ule wala kula. Kama Agnes amesikia la Mombasa, amesikia na yale mengine: ukeni, sindano, Sudi. Muyeye nzima itakuwa inayo kufikia Ijumaa. Niliahirisha safari, nikaenda kwa Bi. Salma.

"Agnes anasikiliza laini," nikasema. "Na anayatoa maneno nje."

La kwanza nililishuku. La pili nililitia tu, kama chumvi.

Bi. Salma alinitazama muda mrefu kupita desturi yake. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Mwezi haukuisha, Agnes alihamishiwa Marereni, kwenye kiofisi kimoja karibu na mashamba ya chumvi, bodi moja, laini chache, upepo wa chumvi siku nzima. Siku aliyoondoka nilijipangia zamu ya baadaye ili nisimuage.

Wiki iliyofuata nilimpigia Kilifi kwa raha. Tulikuwa hatujafika mbali tukasikia tiki.

Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa kitupu. Niligeuka polepole mpaka nyuma kabisa, kwenye meza ya msimamizi iliyoinuliwa, ambayo nayo ina swichi zake. Bi. Salma alikuwa amevaa chombo cha masikioni. Hakukivua. Aliinua kidole kimoja akaniita.

Nilikwenda nikijua kazi imekwisha. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Sudi, ambaye hangeamini sababu yoyote nitakayompa.

"Nawasikiliza tangu mwanzo," akasema. "Huyo daktari wa Mombasa huona watu siku gani?"

Nikamwuliza anamtaka daktari wa nini.

"Rukia wangu," akasema. Rukia ni binti yake, niliyemjua kwa sura. Alikuwa ameolewa kwa harusi kubwa na kurudishwa kwao kabla ya miezi minne, na mji mzima ulisema alikuwa na mtu wake wa zamani. "Aliniambia anaumia. Nikampiga. Nilimwambia mwanamke mwenye adabu haumii. Kisha nikawasikia nyinyi wawili mnasema maneno yale yale aliyoniambia yeye, hata hilo la pilipili."

Ingekuwa heri ningemhurumia kwanza. Lakini jambo jingine lilinijia mbele. "Bi. Salma, basi ulijua si Agnes."

"Nilijua."

"Ukamhamisha."

"Ningemteteaje bila kujisema mimi?" Alivua chombo chake akakiweka juu ya meza. "Nawe uliniambia una hakika."

Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana ndani ya nyumba moja.

Mombasa tulikwenda wanne: mimi, Rukia, mama yake, na Kilifi aliyetungojea mlangoni pa hospitali. Jina lake Kadzo. Nilimtazamia mwanamke mkubwa kwa ile sauti, nikamkuta mfupi kuliko mimi, mto wake wenye tundu ndani ya kikapu. Tulishikana mikono kwa haya. Tulikuwa hatujazoea kuonana.

Daktari alitumia pamba kwenye kijiti. Akagusa nukta moja baada ya nyingine, akiniuliza hapa, na hapa. Alipofika penyewe niliruka. "Nimepaona," akasema. "Si uchafu, si zinaa, wala hukuyazua maumivu haya. Mishipa ya fahamu ya hapa imekuwa mikali kupita kiasi, na misuli ya nyonga imejikaza kuilinda. Sikuahidi kuwa yataisha. Nakuahidi yatapungua." Alinipa vidonge vidogo, akanifundisha kuilegeza misuli, kisha nikamwomba kitu ambacho sikuwa nimekipanga: aniandikie barua ya kumpa mume wangu.

Sudi aliisoma barua ile mara mbili, amesimama. Kisha akakaa. "Miaka miwili," akasema, "nimekuwa namtafuta mtu ambaye hayupo." Nilimwambia kuwa nami nilikuwa nanusa mashati yake. Alishangaa, halafu akataka kujua yalikuwa yananuka nini. "Vitunguu," nikamwambia. Hatukupona kwa siku moja, lakini hakusimama tena ng'ambo ya barabara.

Nilibaki na Agnes. Nilikwenda Marereni siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta kwenye bodi yake, macho mekundu kwa vumbi la chumvi. Nikamweleza yote bila kuruka kitu. Alinisikiliza huku akiunganisha simu mbili za kiwanda.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Sikujua kwa nini."

"Ulijuaje habari ya Mombasa?"

"Fomu yako ya ruhusa ilikuwa wazi juu ya meza ya Bi. Salma. Umeandika Mombasa kwa herufi kubwa."

"Na mkono wako? Siku ile ulikuwa kwenye bodi yangu."

Hapo ndipo alipogeuka kunitazama. "Ulikuwa unakwenda chooni mara sita kwa zamu, Mwanaisha. Ulipokuwa hapo, ulikuwa unalia huku vitaa vinawaka. Ulidhani wateja wako wanapokewa na nani?"

Sikuwahi kujiuliza. Mwaka mzima sikuwahi kujiuliza.

"Sikukuuliza una nini," akaendelea, "kwa sababu kila nikikutazama ulikuwa unanitazama kama polisi."

Niliomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumwomba aseme.

Niliporudi nilimwambia Bi. Salma kuwa naandika barua ya kukiri kwamba nilisema uongo, na yeye aandike yake. Nilidhani atakataa. Alivuta karatasi akaandika kabla yangu, kwa mwandiko wake mzuri, kuwa yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza laini ya Kilifi, na kwamba alimhamisha mfanyakazi asiye na kosa. Mimi nilipewa onyo kali, ambalo bila shaka bado liko kwenye faili langu kama kuna mwenye muda wa kulisoma. Yeye aliondolewa usimamizi, akarudi kukaa bodini pamoja nasi miaka yake miwili ya mwisho. Sikumsikia akilalamika. Rukia aliendelea na matibabu, na Bi. Salma alikuwa akimsindikiza kila mara, akikaa nje kwenye benchi.

Agnes alirudishwa Malindi baada ya miezi miwili. Siku ya kwanza alimwamkia Bi. Salma shikamoo kama zamani, akakaa bodini kwake, na mimi hakunisemesha. Ikapita wiki, zikapita tatu. Nikaacha kwenda kwenye laini mchana, kwa aibu. Kitaa cha Kilifi kikiwaka nilimpa kazi yake nikaachia hapo.

Mchana mmoja kitaa kile kikawaka, nikakiangalia tu.

"Kilifi anakuita," Agnes akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Marereni.

"Nimeona."

"Mjibu. Na mwambie leo kuna mtu anasikiliza."

Akachomeka kamba yake mbele ya macho yangu, akaisukuma swichi mbele bila kuficha mkono. Tiki ile niliisikia wazi.

"Kilifi," nikasema, "leo tuko watatu."

Kadzo, nilimjua, alikuwa anapima. "Naye anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi anataka nini?"

Nilimtazama Agnes. Akajibu mwenyewe, taratibu, bila kunitazama. "Nataka kuyasikia mwenyewe maneno yaliyonihamisha."

Waya ulivuma kidogo, kama kawaida yake.

"Ni haki yako," Kadzo akasema, na akaanza kumweleza tangu mwanzo.